Gunia Lililonuka Moshi

Januari 24

Mvua tangu alfajiri. Ghala langu linavuja upande wa kusini, palepale mume wangu Filemon alipoapa kupaziba kabla hajarudi mgodini. Kokwa zangu za ng'ongo za mwaka jana zimelowa, zote za chini. Daftari hili ni la kikundi chetu cha wanawake, lakini kurasa za nyuma ni tupu na karani ni mimi, kwa hiyo nitaandika humo.

Januari 25

Mvua.

Januari 27

Meme Saima, mwenyekiti wetu, amepita akiwa na sura ya mtu aliyefiwa. Tumepungukiwa gunia moja la viini. Kiwanda cha mafuta kule mjini kimeahidi kwamba kikundi kitakachofikisha magunia yake yote kabla ya Februari kitapewa mashine ya kukamulia. Tukiipata, hatutauza tena viini vitupu. Tutakamua mafuta ya ng'ongo wenyewe, hapa hapa kijijini. Wanawake kumi na wawili tunaiota mashine hiyo tangu mwaka juzi, na Meme Loide ameshaitafutia hata mahali pa kuiweka, karibu na nyumba yake bila shaka.

Aliniuliza kama nina chochote ghalani. Nikasema ninazo kokwa nyingi. Mdomo wangu hunitangulia kila ninapotazamwa kama mtu wa kutegemewa.

Januari 29

Kokwa iliyolowa haipasuki. Unaisimamisha juu ya ubapa wa shoka, unaipiga kwa jiwe, nayo inabonyea tu, na kiini kinatoka kimepondeka. Tangu asubuhi nimepata vikombe viwili na nimejichoma vidole vitatu kwa sindano ya kuchokolea viini. Gari la kiwanda linakuja kesho.

Januari 30

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Mimi ndiye niliyepelekwa mjini kujifunza, siku nne, nikarudi na cheti. Mimi ndiye niliyewafundisha wenzangu kwamba kokwa isione moto. Sisi kwenye chakula tunapenda mafuta yenye harufu ya moshi, ndivyo mama zetu walivyoyatengeneza, lakini ya kiwanda yanakwenda kupakwa kwenye ngozi za watu wa mbali, na wao hawataki kunukia kama jiko. Niliwaambia hayo hadi wakachoka. Bibi Lahja, jirani yangu, ndiye mkubwa wetu sote, na aliwahi kuniuliza mbele ya watu, "Aune, moto umekukosea nini?" Wote walicheka, nami nikamjibu kwa sauti ile ya cheti.

Leo mchana nililaza bati juu ya makaa, nikamwaga kokwa zangu juu yake. Zikakauka. Zikapasuka vizuri, kiini kizima kizima. Nilinusa. Harufu ilikuwepo, kidogo. Nikajiambia kwamba ndani ya gunia kubwa itapotea.

Gunia la mwisho lilikuwa wazi kwa Meme Saima, limebakiza kidogo kujaa. Nikalijaza. Jina langu sikuliandika daftarini kwa sababu dereva alikuwa anapiga honi. Hivyo ndivyo nilivyojiambia, ingawa kalamu ilikuwa sikioni.

Wanawake walinipigia vigelegele. Meme Loide alisema nikifa nizikwe na mzani.

Februari 2

Ng'ongo zimeanza kuanguka. Chini ya miti kote ni manjano na nyuki.

Februari 9

Gari limerudi na gunia.

Dereva alilishusha mbele ya boma la Meme Saima, akalifungua, akarudi nyuma hatua moja ili sote tunuse. Halikuhitaji cheti. Alisema kiwandani walishachanganya nusu yake na viini vya vikundi vingine kabla ya kugundua, na pipa zima la mafuta limeharibika. Ujumbe wake ulikuwa mfupi. Aliyepasha kokwa ajulikane na atolewe. Hadi hapo hawatanunua kiini hata kimoja kutoka kwetu, na mashine itabaki mjini.

Meme Saima alinigeukia. "Karani, soma. Ndani ya gunia hili kuna viini vya nani?"

Nilifungua daftari. Mikono haikutetemeka, na hilo linaniuma hata sasa. Nilisoma majina yaliyoandikwa: Meme Saima, Meme Loide, Bibi Lahja. Sikusema uongo. Yalikuwa matatu na niliyasoma yote. Ila mawili ya kwanza niliyasoma haraka, na la mwisho nikalisoma polepole.

Kwamba mimi ndiye niliyelijaza hakuna aliyelikumbusha; nani angemshuku mwenye cheti? Kila mtu anajua kwamba Bibi Lahja bado anatengeneza mafuta yake ya chakula kwa moto, na kwamba nguo zake zinanuka moshi mwaka mzima. Yeye mwenyewe alitutazama mmoja mmoja, akauliza, "Kwa nini mnaniangalia mimi?"

Meme Saima alisema jambo hili litakwenda barazani kwa Tate Nambahu, jumbe wetu. Kama ni yeye, atatoka kwenye kikundi. Bibi Lahja hana mume, hana mtoto aliye hai, na shamba lake la uwele mwaka jana lilizama maji. Viini ndivyo vinavyomnunulia unga. Nililijua hilo wakati nasoma. Sote tunalijua.

Februari 10

Leo asubuhi, kabla hata hatujaamua siku ya kwenda barazani, mjumbe wa Tate Nambahu amepita akitangaza. Msimu wa omaongo umefunguliwa. Visu ndani, mishale ndani, mashoka ya vita ndani, na kesi zote ndani hadi omaongo yenyewe, pombe ya ng'ongo, iishe. Atakayegombana au kumshitaki mwenzake atalipa ng'ombe.

Nilifurahi. Nimeona niandike hilo pia. Nilisimama penye ugo wangu nikasikia tangazo lile, nikafurahi kama mtoto aliyesikia mwalimu anaumwa.

Februari 16

Tumekamua kwa Meme Saima. Jamvi kubwa, wanawake kumi na wawili, kila mmoja na pembe yake ya ng'ombe. Unatoboa ganda, unazungusha, unaminya, juisi inadondoka chunguni. Nyimbo, mzaha, watoto wanagombania maji ya pili, yaliyosuuza makapi.

Hakuna aliyemkosea Bibi Lahja adabu, maana ni msimu. Walimsalimia, wakamuuliza hali ya miguu. Ila kila alipoketi, jamvi liliacha nafasi pande zote mbili. Halafu Meme Loide akamwambia kwa sauti laini kabisa, "Bibi, wewe pumzika. Tusaidie tu kuleta maji." Mikono ile ndiyo iliyotufundisha kukamua bila kupasua ganda. Akaenda kuleta maji.

Februari 21

Bibi Lahja amepita nyumba zote kumi na moja kuita watu wamkamulie keshokutwa. Ana miti mitatu, imezaa hadi matawi yamelala. Kwangu alisimama nje ya ugo, akaita vizuri kama desturi inavyotaka, nami nikaitika.

Februari 23

Nilikwenda mimi peke yangu.

Wengine wote walikuwa na udhuru. Mmoja mtoto ana homa, mwingine ng'ombe amepotea, Meme Saima anaumwa kichwa. Hapakuwa na ugomvi. Katika msimu hatugombani.

Bibi Lahja alikuwa amefagia kiwanja chote na kutandika majamvi mawili. Alipika ugali wa uwele wa watu kumi na samaki wadogo wa bwawani. Tulikaa wawili, mlima wa ng'ongo kati yetu. Alisubiri hadi jua likapanda. Kisha akachukua pembe, akaanzisha wimbo wa kukamulia, akatoa ubeti wake, akanyamaza ili kundi liitikie. Niliitikia peke yangu. Nina sauti mbaya. Aliimba wimbo wote hivyo, beti zote, na kila mara akaniachia nafasi ya watu kumi na mmoja.

Jioni aliniambia, "Mungu akubariki, mwanangu. Wewe ndiye umeniona mtu."

Nilikula ule ugali. 

Februari 24

Meme Saima amenikuta kisimani. "Nimesikia ulikwenda kwa yule bibi. Wewe una moyo, Aune. Sisi wengine hatuwezi kujifanya."

Nikasema, "Ni mzee, Meme." Na nikatazama chini kwa unyenyekevu. Sijui huo unyenyekevu nilijifunzia wapi, lakini ulinitoka vizuri sana.

Machi 1

Nimekwenda tena kumkamulia Bibi Lahja.

Machi 3

Nimekwenda.

Machi 4, Jumapili

Mchungaji amezungumzia jirani mwema. Hakutaja jina ila alinitazama, na vichwa vyote vikageuka. Niliangalia kitabu cha nyimbo. Nilikuwa nimekishika juu chini.

Machi 9

Omaongo ya chungu cha kwanza imekolea. Wanaume wamelala chini ya kila ugo kama magunia, wanapendana, wanaombana msamaha kwa makosa ambayo hata hawayakumbuki. Mimi nikinywa vikombe viwili nataka kulia, kwa hiyo nimeacha.

Machi 15

Leo Bibi Lahja ameniomba jambo. Tulikuwa tunaosha vyungu. Alisema msimu ukiisha ataitwa barazani, na hana mtu wa kumsemea. "Wewe ndiye mwenye pua ya kiwanda. Simama uwaambie kokwa zangu hazijaona moto. Za kula kwangu zinaona, sikatai. Za gunia sijawahi."

Nikasema nitasimama.

"Naapa, Aune. Nilizikausha juani, nikazigeuza kwa mkono."

Nikasema, "Najua, Bibi." Ndilo neno la kwanza la kweli nililomwambia tangu Januari, na hakujua lina nini ndani. Au ndivyo ninavyodhani.

Machi 16

Sikulala vizuri. Mficha maradhi kifo humuumbua, mama alikuwa anasema, na alikuwa anazungumzia jino.

Machi 18

Nimefikiri hivi. Si lazima iwe barazani. Nikimwambia yeye mwenyewe sasa, kwa upole, tukiwa wawili kwenye jamvi, atanisamehe. Ananipenda. Ni msimu wa amani, hata mbwa wamepatana. Kisha yeye mwenyewe atawaambia wenzetu yameisha, na barazani tutakwenda jambo likiwa limeshapoa. Nimelifikiria mara nyingi na kila mara naliona jema.

Machi 22

Nimejaribu.

Tulikuwa tumekamua nusu ya lundo. Nilichagua wakati ule kwa sababu alikuwa anacheka, alikuwa ananisimulia jinsi marehemu mumewe alivyoanguka ndani ya chungu cha pombe siku ya ugeni wa mkwe. Nilicheka naye, kisha nikaweka pembe chini.

Nikasema, "Bibi, kuhusu lile gunia. Kuna jambo nataka nikuambie."

Aliinua mkono wake umejaa juisi, kiganja kikinielekea. Mkono ukabaki hewani.

"Usiseme."

"Bibi, ni kwamba—"

"Nimesema usiseme. Maneno hayo yana ncha, na vitu vyenye ncha viko ndani." Hakupandisha sauti. Uso wake ulikuwa umebadilika na bado ulikuwa unanitazama. "Ukiniambia leo, desturi inanitaka nikusamehe. Nitafanya nini kingine? Sina ruhusa hata ya kukasirika. Unataka kuniletea jambo lako wakati mikono yangu imefungwa."

 Nilihisi uso umeniiva hadi masikioni.

"Subiri visu vitoke," alisema. "Nami nitoke na changu."

Kisha akachukua pembe yake, akatoboa ng'ongo nyingine. Nikadhani nitafukuzwa. Hakunifukuza. Aliendelea kukamua, nami nikaendelea, kwa sababu kuondoka kungekuwa kutangaza. Hakuimba tena. Tulimaliza lile lundo lote bila neno, na mchana ulikuwa mrefu.

Hivyo ndivyo nilivyo. Nilimpimia mtu msamaha wake kama ninavyopima viini, nikachagua siku ambayo mzani unaegemea kwangu. Nimemwibia jina, nikataka na hasira yake niichukue.

Machi 23

Hajanitumia salamu.

Machi 30

Ameniita kukamua, nje ya ugo, kwa desturi ileile, sauti ileile. Nilikwenda. Ugali, samaki. "Karibu, Meme Aune." Zamani ilikuwa Aune, au mwanangu.

Aprili 6

Nimekwenda. Hatuzungumzi. Wapita njia wanatuona tumeketi pamoja, wanasema tazama upendo.

Aprili 12

Ng'ongo za mwisho zinaozea mchangani. Harufu ya siki kila mahali. Wanaume wameanza kuuliza omaongo itaisha lini, kwa huzuni, na mimi nauliza pia.

Aprili 17

Nimemwandikia Filemon kwamba nataka kwenda kukaa naye mgodini hadi Julai. Nimefunga nguo kwenye kifurushi. Basi linapita Ijumaa.

Aprili 19

Meme Loide amekuja kuazima chungio, akanikuta na kifurushi. Alidhani naenda kliniki. Akaniuma sikio kwamba Meme Saima ameshapanga kila kitu. Siku ya baraza hakutakuwa na maneno mengi, Bibi Lahja atatolewa, na nafasi yake atapewa binti wa dada yake Meme Saima, ambaye ana mikono mepesi. "Mwishowe ni heri. Yule bibi hata hivyo ataishi miaka mingapi?" alisema, na akacheka kidogo, si kwa ubaya, kama mtu anavyocheka akizungumzia paa bovu.

Nilimuuliza, "Ataishi kwa kula nini, hiyo miaka?"

"Si una moyo wewe? Utampelekea ugali."

Alipoondoka nilifungua kifurushi. Nisidanganye kwamba nilijawa na ujasiri. Nilijawa na picha ya mimi nikimpelekea Bibi Lahja ugali kila Jumamosi, na watu wakinisifu, hadi siku ya mazishi yake, na kwenye mazishi ningepewa nafasi ya kuzungumza. Niliona kabisa nguo ambayo ningeivaa.

Aprili 26

Msimu umefungwa. Vibuyu vya mwisho vimepelekwa kwa mfalme. Mjumbe amepita, visu vimetoka. Jirani zangu wa magharibi wamegombana kabla ya saa sita, kwa ajili ya mbuzi aliyekula uwele mwezi Februari. Wamemtunza huyo mbuzi miezi miwili.

Baraza ni Jumamosi.

Aprili 28, Jumamosi

Tate Nambahu aliketi kwenye kiti chake cha kukunja, wazee watatu pembeni, sisi chini. Bibi Lahja alikuwa amevaa gauni lake la kanisani la waridi. Alikuwa amelifua hadi likapauka, na najua kwa nini. Alitaka lisinuke moshi.

Meme Saima alieleza habari ya gunia na ya mashine. Alieleza vizuri, bila chuki, na mwisho akasema kikundi hakina njia nyingine. Tate Nambahu akamuuliza Bibi Lahja kama ana msemaji.

"Ninaye," alisema. "Amesema atasimama."

Hakunitazama. Nilisimama. 

Nilisema kokwa za Bibi Lahja hazikuona moto. Nikasikia mnong'ono. Tate Nambahu akauliza nimejuaje. Hapo palikuwa na mlango mdogo wa kutokea, niliuona. Ningeweza kusema nimenusa, mimi ndiye mwenye pua, pengine lilikuwa gari, pengine lilikuwa ghala la kiwanda. Wangenikubalia. Mzee mmoja alikohoa.

Kisha nikasema, "Kwa sababu zilizoona moto ni zangu. Nilizipasha mimi, nyumbani kwangu, mchana. Nikajaza gunia na jina sikuliandika. Nilipoambiwa nisome, nilisoma majina ya wenzangu, nikaacha la kwangu, na la Bibi Lahja nikaliweka mahali ambapo mtalisikia."

Nilitegemea kelele. Badala yake nilipata kitu kibaya zaidi. Meme Saima alisema, kwa ile sauti anayotumia kwa mtoto aliyeanguka, "Ghala lake lilikuwa linavuja. Alikuwa anatusaidia tujaze." Meme Loide akadakia kwamba mimi ndiye pekee ninayejua mambo ya kiwanda, na kwamba mtu aliyemkamulia mzee msimu mzima hawezi kuwa na moyo mbaya. Mwingine akasema tuwaambie kiwanda gunia lilinyeshewa, yaishe. Vichwa vikatikisika. Katika muda wa kupika chai walikuwa wameshanisamehe, wote, na wengine walikuwa wananipa pole.

Bibi Lahja alisimama. Huwa anasimama kwa kushika magoti, mara mbili, kisha anainuka. 

"Tangu Februari," alisema, "hakuna aliyeniuliza kama ni mimi. Hata mmoja. Niliitisha watu, nikapika, mkaumwa vichwa. Huyu amesema mwenyewe ni yeye, na bado jua halijasogea, mmeshamtafutia sababu. Mimi sikuvujiwa? Mimi sina sababu?"

Meme Saima alifungua mdomo. Bibi Lahja alimwambia, "Wewe kaa na kichwa chako." Wazee walitazama pembeni.

Kisha akanigeukia, na hasira yake ikatoka, ile aliyoitunza. Sitaiandika yote. Aliniita mwizi. Aliniita fisi aliyevaa kilemba cha kanisa. Alisema nilipokuwa nakuja kukamua kwake nilikuwa najikosha kwa maji yake. Sauti yake ilikuwa inapanda, na kila neno lilikuwa lake kulitoa, na nililisimamia lote. Alipomaliza alikuwa anahema. Tate Nambahu alisubiri, akamwuliza anataka nini. Ng'ombe? Mbuzi?

"Sitaki mnyama. Alipokuwa anakuja kwangu mlimsifu. Kisimani, kanisani. Alizipokea sifa hizo akaenda nazo nyumbani. Azirudishe. Aende nyumba kwa nyumba, kila nyumba ya kikundi, aingie, aketi, aseme alichofanya tangu mwanzo. Asiseme ghala. Aseme mkono wake."

Tate Nambahu alikubali. Akaongeza kwamba kiwanda kitaambiwa jina la kweli, kwamba daftari na mzani nivitoe leo hii, na kwamba mwaka huu kiini changu kisiingie gunia la kikundi. Bibi Lahja anabaki mahali pake.

Daftari limechukuliwa na Meme Loide. Kurasa hizi nimezichana kwanza.

Aprili 30

Nyumba mbili. Kwa Meme Saima nilieleza nilichofanya. Alinikatiza mara tatu ili anipe pole, na mara tatu nikaanza upya. Mwisho alikuwa amekasirika, nadhani kwa sababu nilipofika kwenye majina matatu alikumbuka ni nani aliyeharakisha kuelewa.

Mei 1

Nyumba tatu. Moja walinipa chai kabla sijasema, wakanitazama nikiinywa baada ya kusema.

Mei 3

Nyumba moja. Mume alikuwepo, akaita na majirani wasikilize. Ilikuwa haki yake.

Mei 4

Kwa Meme Loide. Hakufanya mzaha hata mmoja. Sikujua nyumba ile inaweza kuwa kimya vile.

Mei 7

Zimekwisha nyumba kumi. Sasa najua maneno yale kwa moyo, na hilo nalo ni hatari. Jana nilijisikia nikiyasema vizuri.

Mei 8

Nyumba ya kumi na moja ni ya Bibi Lahja. Hakusema kwamba yake haihesabiki, na mimi sikuthubutu kuuliza.

Alikuwa ameketi kwenye kigogo anachambua kokwa kavu. Hakunikaribisha ndani wala hakunizuia. Niliketi chini. Aliweka kokwa kando, akaweka mikono mapajani.

"Sasa sema," alisema. "Usiruke."

Nilisema. Bati, makaa, nilivyonusa nikajua. Kalamu ilivyokuwa sikioni. Majina mawili ya haraka na moja la polepole. Nilivyofurahi msimu ulipotangazwa. Nilivyotaka kumwambia siku ile ya Machi kwa sababu nilijua hawezi kunikasirikia. Kwenye nyumba nyingine sikuwa nimesema hayo mawili ya mwisho.

 Kisha akauliza jambo moja tu.

"Uliposoma jina langu polepole, ulikuwa unafikiri nini?"

Ningependa kuandika kwamba sikumbuki. Nilimjibu, "Nilifikiri wewe ni mzee, huna mtu, na hakuna atakayeshangaa."

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeonyeshwa kidonda alichokuwa anakihisi gizani.

"Hilo ndilo nililokuwa nalingoja," alisema. "Mengine nilishayajua. Sasa nenda. Nikikutaka, nitakuita."

Mei 20

Gari la kiwanda limepita barabarani bila kusimama. Halikuwa na mzigo.

Juni 3

Kiwanda kimeridhika na jina kilichopewa, na mashine imekuja. Wameiweka kwa Meme Saima, si kwa Meme Loide, na wawili hao hawasemezani. Kokwa za mwaka huu zimekauka na wanawake wameanza kuvunja. Upepo ukitoka mashariki nasikia mawe juu ya mashoka, kumi na moja, na katikati yake sauti ya Bibi Lahja anaanzisha wimbo. Wengi wanamwitikia sasa. Navunja zangu peke yangu, za kula.

Filemon ameandika kwamba niende, nafasi ya kukaa imepatikana, na basi ni Ijumaa. Nimemjibu kwamba siwezi kwa sasa.

Juni 17

Bibi Lahja hajaita. Nimehamishia jiko langu upande wa ugo unaotazama kwake, nisije nikawa mbali siku atakayoita.